Fuata Waya

Taa ya tatu inapepesa tena.
Ya kwanza imetulia, ya pili imetulia,
ya tatu, ile ya laini, inakonyeza
kama mtu mwenye deni lako
aliyekuona ng'ambo ya barabara.

Saa nne usiku, Jamhuri, mvua ya Aprili.
Nina kurasa arobaini za hati za mahakama
zinazongojwa Kisumu kabla ya asubuhi,
na mstari wa buluu umekwama asilimia sitini na moja
tangu taarifa ya habari.

Napiga kampuni kwa simu ya mkononi.
Muziki. Muziki. Samahani mteja wetu. Muziki.
Kisha kijana, ajiita Mwakio, sauti nusu usingizini:
"Zima modemu, mama. Hesabu mpaka thelathini. Washa."
Nimezima. Nimehesabu. Wiki hii pekee
nimefika thelathini mara saba;
mtoto wa chekechea angekwisha kuhitimu.

"Kichujio unacho?"
Ninacho, cheupe, kidogo kama sabuni ya hoteli.
"Basi inua mkono wa simu ya mezani. Usibonyeze namba.
Unasikia nini?"

Nasikia mlio. Na nyuma ya mlio
chakarachakara,
kama jirani anakaanga dagaa.

"Hiyo!" Usingizi umemtoka.
"Hiyo ndiyo inayokula kasi yako, Bi. Kageha.
Fuata waya. Fuata mpaka ukuta ukukatae."

Haya. Magoti sakafuni, tochi mdomoni.
Nyuma ya kabati, nyuma ya kochi
(shilingi tano ya zamani, ile ya pembe saba,
kibiriti, jino la kitana),
waya wapanda kizingiti, wapinda kona,
umeshikwa kwa misumari midogo
iliyoachana kwa kipimo cha kidole gumba.
Cha nani, sihitaji kuuliza.

Mwaka ule nyanya aliugua Chavakali
na mama akawa anakimbia peku sebuleni
kila kengele ilipolia usiku.
Baba akanunua waya, hakusema bei,
akauvuta mwenyewe hadi chumbani
bila ruhusa ya Posta na Simu,
akiimba puani ili kelele ya nyundo isimtie hofu.

Nakipata chini ya dirisha, pale rangi inapobambuka:
kiungo. Utepe mweusi, juu yake nta ya mshumaa
kuzuia unyevu. Nta imepasuka.
Ndani, shaba imegeuka kijani
kama sufuria ya msiba iliyosahauliwa nje.

Hapa ndipo ilipopita, alfajiri ile,
sauti ya mjomba: *Mama ametutoka.*
Ilipita safi, hakuna neno lililodondoka.
Kiungo hiki kilitosha kubeba kifo.
Kurasa arobaini kimeshindwa.

"Kata," asema Mwakio.
Mvua.
"Mama? Bado upo?"

Nachukua mkasi wa mama, ule wa kushonea,
uliokatazwa maisha yake yote
kugusa kitu kisicho kitambaa.
Unakata shaba bila kunung'unika.

Modemu yawaza. Taa ya tatu yakonyeza,
yasita, yasimama wima.
Megabiti tatu na nusu! Mwakio acheka
kama ni yeye aliyepokea.
Sitini na mbili. Sabini. Themanini na nane.
Ananiaga, ana wateja kumi na mmoja kwenye foleni,
wote mvua imewaamsha.

Tisini na nne, radi inapiga upande wa Kibera
na nguzo za nje, ambazo si zangu na si za baba,
zinakumbuka uzee wao.
Taa ya tatu.

Nazima. Moja, mbili, tatu.
Kiganjani nina kipande cha waya;
nakigeuza kwenye mwanga wa tochi, nne, tano,
mizunguko minne, yote imekwenda kushoto.
Nilikuwa nimesahau kabisa
kwamba baba alikuwa mashoto.
Sita.