Majalada ya Kaki

Shumbana, vitabu vimefika,
chini ya mchele na miche ya sabuni,
vyote saba, kimoja kimelowa pembeni
kwa achari iliyovuja. Ndicho nilichoanza nacho.

Nimevivika kaki kama madaftari ya skuli,
nikaandika juu kwa kalamu nene:
Hesabu za Kofia, cha kwanza hadi cha saba.
Hapa Wete hakuna anayeazima hesabu.

Umeuliza nimevionaje.
Nakujibu sindano iko mkononi;
kofia ya bwana harusi wa Limbani haijaisha
na mamake keshapita mara mbili.

Cha mpelelezi nimekipenda, kisha kikaniudhi.
Ana mwenzake, mwanamume mwenziwe, mchoma mikate,
na hakuna aliyeuawa kwa sababu ya kupenda.
Ukurasa wa mwisho wapo hai wote wawili,
wanagombana nani kaacha mfereji wazi.
Hapo nililia, mimi, kwa mfereji.
Lakini muuaji nilimjua sura ya tatu!
Mtu anayefuta viatu mara mbili mlangoni
ana jambo.

Chenye waridi juu sikukimaliza.
Wale wasichana wanalia tangu Bismillahi,
wanalia sokoni, wanalia chooni, wanalia wakila.
Watu wa namna ile nawajua, nawe unawajua:
wanacheka hadi wanashika mbavu,
wanabishana bei ya dagaa.
Huzuni ya kumiminwa kwa upawa ni mchuzi tu.

Cha mizimu, sina neno. Pepo gani huyo
anagonga kuta mwaka mzima
wala haombi hata ubani?

Cha katuni sinacho tena.
Yule nahodha kiziwi anayerusha chombo angani,
maneno yake yamechorwa mikono, mikono mitupu;
nilimwonesha Sabiha wa jirani, naye hasikii.
Kakipitia mara nne, kakumbatia, kaenda nacho.
Jana kaja kunifundisha kusema "nyota" kwa vidole.
Usikidai.

Sasa hiki cha sayari ya mbali.
Mwandishi anajisifu kurasa mia tatu
kwamba huko hakuna "yeye" wa kike wala wa kiume,
kabuni neno jipya la kumwitia kila mtu.
Nilicheka hata sindano ikanichoma.
Kwani sisi tunasemaje?
Alikuja. Akaketi. Akanishika mkono.
Nani? Yeye.
Lugha imepita kimya, kama mwenye nyumba
aliyeona jozi mbili za viatu mlangoni
asiulize.

Nikawasomea wenzangu wa kushona,
nikiwageuzia Kiswahili papo kwa papo:
"Alinipangusa jasho kwa kiganja chake."
Mize akasema, huyo mume, tena kafunzwa.
Raya akasema, mume gani anapangusa jasho la mtu?
Wakabishana mpaka umeme ukakatika.
Mimi kimya, natoboa vitobo kwa kupapasa.

Nikalala nikiona raha. Nikaamka sina raha.
Maana "yeye" huyo, Shumbana,
ananisitiri na kunizika kwa shuka moja.
Siku nyingine nataka iandikwe wazi,
kwa wino usiofutika hata kwa achari,
nani alimpangusa nani jasho.

Na katika vyote vitano nilivyosoma
wanakimbia mji, wanapanda ndege, wanapata fleti
yenye dirisha kubwa na paka.
Hayumo hata mmoja aliyebaki kwao,
akavika kitabu kaki,
akaitikia salamu za mamake bwana harusi.

Viwili sijavigusa. Naviwekea mvua.

Niletee kile cha pili cha mpelelezi,
nijue mfereji ulikwishaje,
na uzi mweupe, ule mwembamba, usisahau.
Tena usimpe mtu wa boti.
Njoo navyo mwenyewe.
Viatu vyako viache mlangoni.