Mtogwa

Kibao cha bati kilishikwa na msumari mmoja tu,
kwa hiyo mshale ulielekeza chini, ardhini.
Wilbroad akacheka, akasema tuufuate.
Tukaiacha lami kabla ya Ifunda,
tukashuka na tope la Februari.

Kiwanda, ndivyo alivyokiita mwenyewe.
Chumba cha tofali za kuchoma, zamani banda la ndama;
pete ya kufungia kamba bado iko ukutani,
na juu yake cheti cha semina ya wajasiriamali
chenye jina la Sekinyaga, herufi moja imekosewa,
naye ameisahihisha kwa kalamu ya bluu.

"Kamwene," tukasema, vibaya.
"Kamwene," akaitikia, vizuri, akatufutia viti.

Nje ya dirisha milanzi ilisongamana kama watu msibani,
na kijana wake, Kastori, alipita katikati na kisu chembamba
akichonga ncha za machipukizi.
Mara tatu kwa siku, alisema mama yake.
Ukichonga mara mbili, mlanzi unanuna.
Chini ya kila ncha mbeta inakinga:
tone,
kisha muda wa kutosha kusahau,
tone.

Akapanga glasi tatu tatu, zile ndogo za kahawa.
Huu wa leo, mtogwa.
Huu wa jana.
Huu wa juzi, mkangafu;
ukiunywa huu usimpigie simu mtu unayemdai.

Wilbroad alikuwa amesoma mahali namna ya kuonja.
Akazungusha glasi, akanusa, akafumba macho,
akatangaza: tofaa bichi. Moshi, kwa mbali.
Halafu akauliza pa kutemea.
Sekinyaga akamtazama kama mgeni aliyeulizia mlango wa kutokea
kabla hajakaa.
"Hapa tunameza," akasema.

Siku arobaini na mbili.
Nilizihesabu kwa vidole vya miguu, ndani ya viatu,
mikono isije ikanisaliti.
Mara mbili huko nyuma nimetangaza mapema,
na mara mbili nimewapigia watu walewale
kuwaambia wasinunue kitu.

"Mimi nipo kwenye dawa," nikasema.
Nilidhani Wilbroad hakusikia; alikuwa ameshafika juzi.

Sekinyaga alisikia. Usoni hakuniangalia.
Aliangalia mkono wangu wa kushoto,
na mahali ulipokwenda kutulia bila kuniaga.
Akaziondoa glasi zangu zote, akatoka mvuani,
akarudi na mbeta iliyoshushwa muda huohuo,
nyuki mmoja akielea ndani.
Akamtoa nyuki kwa kidole. Akamimina.
"Huu haujalala hata usiku mmoja," akasema, kwa sauti ya chini.
"Wenyewe haujui kama utakuwa pombe.
Watoto tunawapa."

Rangi ileile, ya maji yaliyooshea mchele.
Wilbroad akagonga glasi yake kwenye yangu.
"Unaonaje?"
Niliona majani. Niliona mvua,
na utamu kama mazungumzo ya chumba cha pili.
"Mtamu," nikasema. Maneno yake mimi sina.

Tulinunua chupa mbili za wa juzi.
Vizibo alivilegeza makusudi:
uacheni upumue, ukibanwa utapasua chupa,
mtakosa ulanzi na chupa yenyewe.
Alimwambia Wilbroad, lakini alinikabidhi mimi,
na chenji akairudisha pungufu kwa mia tano,
nami sikudai.

Funguo za gari nikachukua.
Wilbroad alizipakata chupa,
mkono mmoja chini, mmoja shingoni,
na kila tuta povu lilimlowesha suruali
naye hakulifuta.
Aliimba mpaka nyimbo zikamwishia.

Karibu na Tanangozi mvua ilikatika.
Nikazima waipa.
Akaniuliza, macho yake yakiwa barabarani
kama ndiye anayeendesha:

"Dawa gani?"