Pigo la Sita

Kamera za Plouvenec zilihesabu mapigo matano.
Kanuni inaruhusu manne.
Waamuzi watatu, makoti yananuka mvua na kahawa,
walirudisha picha nyuma, wakaisimamisha, wakairudisha tena:
mkono wa Tugdual ukipanda, ukishuka,
kama wa mtu anayetwanga asijue kinu kimebaki kitupu.
Faini, yuro mia tatu. Siku sita asipande.
Ushindi ukabaki ushindi.
Bi Kerbrat alilia kwa furaha, akanikumbatia na matope yangu,
akanitia noti mfukoni.

Jioni, bandani, tulibaki mimi na Mvua ya Jumanne,
ndoo ya maji vuguvugu kati yetu.
Jasho lilikuwa limekauka shingoni likawa chumvi,
povu limeganda pembeni mwa midomo, palipokaa lijamu.

Ngozi hii humhisi nzi.
Nimeona mara nyingi: nzi anatua, hata hajakunja mbawa,
na ubavu mzima unatetema.
Wanasema mjeledi wa siku hizi umevishwa sponji,
hauumizi, unatoa mlio tu, wa kumkumbusha.
Kama hauumizi, mbona tunauhesabu?
Na kama unaumiza,
yale manne ya mwanzo tuliyaruhusu kwa hoja gani?

Nilipitisha kiganja kutoka kiunoni hadi pajani,
polepole, kama asomaye gizani.
Kushoto: la kwanza, la pili, la tatu,
la nne, na la tano limelala juu ya la nne.
Kisha nikazunguka.
Kulia, chini ya nyonga,
upande ambao kamera ilizibwa na hema la wauza chapati,
palikuwa na uvimbe mmoja, mrefu, wa moto.

Jukwaani walikuwa wamepiga kelele, kila mtu na maneno yake,
na maana ni ile ile ya punda na mzigo:
yeye afe, huo ufike.
Sitasema mimi nilinyamaza.
Sauti imenikauka mpaka sasa.

Tugdual alikuja usiku, bila kofia,
nywele zimelala kama za mtoto aliyetoka kuogeshwa.
Alisimama mlangoni.
"Amevimba, Soazig?"
Ana miaka ishirini na miwili.
Baba yake alimfunza kupanda kwa mkanda wa suruali:
akianguka, anachapwa kwa kuanguka.
"Alikuwa amechoka," akasema. "Nilimhisi chini yangu amechoka,
ndiyo maana nikampiga."
Kisha akasikia alichokisema.

Sikumjibu.
Nilimshika kifundo cha mkono, mkono ule ule,
nikauweka pale kulia.
Tukasimama hivyo, mvua ikigonga mabati.
Asante ya punda ni mateke, husemwa,
na mimi nilingoja teke, nililitamani hasa,
maana lingekuwa neno.
Mvua ya Jumanne aligeuza shingo
akanusa mfuko wa koti la Tugdual,
akitafuta karoti, kama kila usiku.

Karoti ilikuwemo.
Alimpa, akitazama pembeni, akaondoka mbio.

Mia tatu italipwa kwenye ofisi yenye zulia.
Siku sita Tugdual atalala kwa mama yake, atapaka rangi uzio.
Katika hesabu yote hiyo
hakuna aliyeuliza farasi anadai nini,
na angeulizwa, sijui kama angedai:
pengine maji, pengine giza,
pengine yule wa zizi la pili arudishwe karibu.

Asubuhi daktari wa mifugo atapita,
kalamu sikioni, atauliza kama kuna jambo.
Noti ya Bi Kerbrat bado imo mfukoni, imelowa.
Hamsini. Viatu vya Malo ni arobaini na tano.

Nimempaka dawa ya baridi, mara mbili.
Nimemvika blanketi lile jipya, la washindi,
nikafunga mikanda tumboni.
Ni refu kuliko la zamani.
Linafika mpaka chini ya nyonga.