Watu wa Askeli

Sisi, tukitoka kizani kuingia juani,
hupiga chafya. Mbili, mara nyingine tatu.
Kibokoni yote inajua:
mlango ukilia, chafya ikafuata,
"Hao, watu wa Askeli wametoka."

Sikuuliza Askeli ni nani
mpaka karani wa Ardhi aliposukuma faili letu
kwa ncha ya kalamu, kama mtu asukumaye mwiba wa samaki,
akasema: Mwenye nyumba wa kwanza. Jina kamili.
Nikasema Askeli. Akasema, Askeli wa nani?
Nyumba haiandikwi kwa lakabu.

Shangazi Mwanamvua alikuwa na majibu matatu.
La kwanza: alikuwa askari, ndimi zikamgeuza.
La pili: Mshihiri, mweupe kwa maradhi.
La tatu hulitoa usiku tu, kiganja mdomoni:
baharia wa merikebu. Kisha hukohoa,
hutaka maji, huuliza bei ya mchele.

Chini ya kitanda chake mna kisu cha mishikio miwili,
chuma kilichopinda kama nyusi.
Mama alikiparia samaki.
Nilimpelekea fundi Shekue, akakigeuza, akakinusa:
"Hiki cha mtu wa mapipa."
Na kwenye mshikio, chini ya mafuta ya mikono mingi,
herufi: HASKELL.
H ya mwanzo midomo yetu iliiacha ufukweni.
L mbili za mwisho, tukaona moja yatosha.

Mapipa. Basi merikebu za Kimarekani,
zilizoleta marobota ya merikani,
neno tulilolivaa, tukalilalia, tukazikwa nalo
bila kuliuliza kwao.

Niliandika Salemu. Akajibu bibi mmoja, Lavinia,
akanipigia picha ukurasa wa kitabu cha ukoo wao:
watoto wanane. Wa tano, Elnathan, fundi mapipa,
*amepotea baharini, miaka ishirini na mitatu.*
Wino wote umefifia ila hilo "amepotea";
aliyeandika aliligandamiza.

Amepotea! Shangazi alicheka hadi kanga ikamwanguka,
na jibu la tatu likatolewa mchana kweupe:
homa ilimshusha, merikebu ikang'oa nanga bila yeye,
Mwanakheri binti Mbwana akamnywesha uji kwa kijiko cha kifuu
siku arubaini, ya arubaini na moja akaposwa,
akaitwa Abdulkarim, akazaa wanne,
akafunga mapipa mpaka vidole vikakataa,
akafia kitandani mwake, mtu kamshika kidole cha shahada.
Kupotea gani huko?

Lakini usiku nilimwona mama yake,
upande ule wenye theluji, akihesabu milingoti.
Hakuandika? Au aliandika,
barua ikazama, yeye akasalimika?
Na pembe zilizojaa tumboni mwa merikebu ile,
zilishuka pwani mabegani mwa nani?
Nilitafuta. Kitabu kimeandika watoto wanane na ng'ombe wawili.
Wabebaji hawamo.

Kikowani tulikwenda Ijumaa.
Mawe matano hayana jina. Shangazi akachagua moja,
akaling'olea magugu, akasema, "Kama si yeye,
mwenyewe hatakasirika."

Kisha akaniambia: Muulize huyo bibi jambo moja.
Wakitoka ndani, jua likawapiga usoni, huwaje?

Siku kumi. Jibu likaja, mstari mmoja:
Chafya. Mbili, mara nyingine tatu.
Tulidhani ni sisi tu.

Nimempelekea karani kisu, picha, na barua hiyo.
Amevisoma vyote, kisu pia.
Ushahidi, asema, lazima uwe na mhuri.
Faili limerudi kabatini.
Nami nimeshuka ngazi zake zenye giza, saa saba mchana,
nimeshika kitasa cha mlango wa nje,
na huko nje jua limesimama wima juu ya lami.