Nyuzi Tatu

Masika amelala kwa ubavu, ana wiki sita,
amekunja uso kama mdai aliyelipwa nusu.
Jeli nimeipasha moto kwapani; stima imekatika tangu saa mbili
na jenereta la zahanati yetu, huku Kilembe, halijui subira.
Nasema: mshike goti, mama. Usimnyooshe. Mwache alivyo.

Kwenye kioo, kijivu juu ya kijivu,
ukungu ule unaotuficha milima hadi saa nne.
Mgeni haoni kitu. Mimi natafuta vitatu:
mfupa wa nyonga uliosimama wima kama ukuta,
ncha yake ya chini, ndani kabisa ya tundu,
na ukingo wa gegedu, mdogo kama ukucha uliokatwa.
Kimoja kikikosekana, picha si picha. Naifuta.
Nimefuta nne.

Mtoto analia, na ukuta unacheza.

Ya tano inatulia. Naigandisha.
Mstari wa kwanza nauteremsha kufuata ukuta.
Wa pili naulaza juu ya paa
(ndivyo tunavyoliita, paa)
na chini yake kichwa cha paja, duara jeusi,
bado gegedu, bado hakijaamua kuwa mfupa.
Kulia, nyuzi sitini na tatu.
Kushoto, hamsini na saba.

"Ilitakiwa ngapi?"
"Sitini."
Mbambu, mama yake, mshona sare za shule,
anacheka kwa woga: "Nyuzi tatu, sista?
Nyuzi tatu hazishikizi hata kifungo."

Namweleza. Kwamba huyu ni binti wa kwanza,
jina lenyewe limeshasema,
na binti wa kwanza aliyetanguliza makalio kuja duniani
tunampima hata kama haonyeshi dalili.
Kwamba wiki sita ni mapema, paa bado linajengwa.
Kwamba mkono wangu ukiinama hivi, unywele tu,
hamsini na saba huwa sitini, au hamsini na nne,
na mashine haitasema nani aliinama.
Hili la mwisho sikufundishwa kulisema.

Bwambale yuko mlangoni, vumbi la mbao kwenye nyusi.
Kazi yake kuezeka. Namba haitazami;
anautazama mstari wa pili, anapinda shingo:
"Hili limeporomoka mno. Mvua ikija, baraza inalowa."
Miaka minane katika chumba hiki
sijaandika ripoti fupi kama hiyo.

Dawa leo hakuna. Kuna mgongo.
Wifi yake alimfunga miguu sambamba, kwa blanketi la Mpondwe,
eti anyooke, awe mrefu.
Nalifungua. Magoti nje, Mbambu, mapaja yakumbatie kiuno,
kama mtu anayekwea mparachichi.
"Hivyo tu? Mbona ndivyo nilivyobebwa mimi?"
Hivyo tu. Kisha urudi.

Wengi hawarudi. Nauli. Mahindi.
Nyamwamba ikifurika, daraja nalo huenda zake.
Kuna mvulana wa Bwera niliyemwona ana miaka minne,
anachechemea, anacheka, anakimbiza kuku kwa kuchechemea.
Hakuna aliyempima. Namweka hapa, bila jina.

Wiki ya kumi na mbili na siku tatu, mlango unagongwa.
Masika amenenepa. Ananishika kidole, hataki kukiachia,
nalazimika kupima kwa mkono mmoja na nusu.
Sitini na moja. Sitini. Sitini na mbili.
Naandika sitini na moja.

"Moja ni ya mkono wangu," namwambia Mbambu,
"sitini ni zake."
Bwambale anauliza kutoka mlangoni: "Baraza?"
"Kavu. Akianza kutembea, mleteni tena."

Mbambu ameshainama, mtoto mgongoni,
anakaza fundo la mbeleko,
anang'ata uzi uliochomoza, anautema.