Msoma Mita wa Kwihara

Saa moja na robo. Baiskeli ya ofisi
imepata pancha hata sijavuka reli.
Naikokota. Kwihara haiko mbali
ukiwa juu ya magurudumu;
ukikokota ndipo unaona ina umri.

Mimi nasoma mita. Kazi yenyewe ndiyo hiyo:
kufunua kifuniko, kupangusa kioo kwa kidole gumba,
kuandika tarakimu, kusema "haya, mama," kwenda zangu.
Siku hizi mji umeikamata Kwihara shati, unaivuta.
Vibao vya VIWANJA VINAUZWA vimepigiliwa kwenye mikaratusi,
na saluni ya Kulwa ina umeme, na picha ya mwanamke
ambaye hajawahi kufika Tabora.

Lakini zunguka nyuma ya saluni, ufuate njia ya mbuzi:
tembe.
Nyekundu kama kidonda kilichopona,
paa lake la udongo, mlango wake umechongwa maua
na fundi ambaye jina lake sijaliona popote.
Wageni hupiga picha mlango.
Uani hawapigi,
pale walipolala watu ambao hawakuulizwa
kama wanataka kusafiri.
Nasoma mita ya pale: uniti mbili, mwezi mzima.
"Historia hainywi maji," anasema Kapela, mlinzi,
"inafagiliwa tu." Na anaendelea kufagia.

Kwa Nzigula, uniti thelathini na tisa: anafyatua matofali.
Rangi ile ile ya tembe, udongo ule ule,
sasa una bei.
Msikitini, sitini na nne. Wanatawadha, Mungu awazidishie.
Kwa mama Doto mita imemezwa na maboga,
nimepiga magoti kuitafuta, nikatoka
na tarakimu tano na boga moja la zawadi.

Nyumba ya mwisho ni ya Nyamizi binti Luhende.
Bati jipya, saruji mpya, dishi limetazama mbinguni;
mwimo mmoja tu wa mlango ni mzee,
mninga mweusi kwa mikono ya watu.
Mita imesimama. Haijasogea tangu Machi.
"Nachota kisimani," anasema, hana haya.
"Maji yenu yana ladha ya bomba. Lakini usiondoke bure,
soma na hii."

Ananishika mkono, anauweka kwenye mwimo.
Mikato. Mmoja chini ya mwingine, ya kisu,
usawa wa bega la mtu mzima.
Babu wa babu yake alikuwa mpagazi.
Kila akirudi kutoka pwani alikata mmoja:
miezi mitatu kwenda, mitatu kurudi,
pembe begani, kaniki kiunoni,
na wimbo wa kuidanganya shingo.
Wasemao mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi
hawakuwahi kupapasa mwimo huu.

Nahesabu kwa kidole gumba, kile kile cha vioo.
Kumi na moja.
Halafu kuna wa kumi na mbili, umeanza tu,
umekwaruza ganda, haukuingia.
"Alirudi?" nauliza.
"Aliyekata huo ni mkewe," anasema Nyamizi,
"akaona si kazi yake kumaliza."
Na anarudi jikoni, mlenda unamwagika.

Nimesimama na daftari.
Safu ya kwanza: namba ya mteja. Ya pili: usomaji uliopita.
Ya tatu: usomaji wa sasa.
Ya nne ni MAONI, na mwaka wa sita huu
sijawahi kuandika humo ila "mbwa mkali."
Nikaandika: kumi na moja na nusu.

Jioni msimamizi amenipigia simu.
Ameuliza hiyo nusu ni ya nini,
na nani atailipia.
Nilikuwa bado njiani, nakokota baiskeli,
boga limefungwa kwenye kifuko cha nyuma.
Nimemwambia mtandao unakatika.