Njia ya Mwongo

Jumapili usiku, Maringo,
birika la chai juu ya stuli, sisi wanne kwenye kochi la watatu,
na kwenye runinga Bwana Bahasha amefutwa kazi
lakini kila asubuhi anafunga tai,
anamuaga mkewe kwa mbwembwe, anabeba mkoba
wenye kandambili na gazeti la juzi.
Khisa, kitinda mimba wetu, anagaragara sakafuni.
Mama anafuta machozi kwa pindo la leso.
Baba anacheka kuliko sote,
anacheka mpaka anakohoa,
mpaka Mama anageuka kumtazama.

Tunajua litakalofuata. Mke atafungua mlango,
ataona viatu vikichungulia chini ya pazia,
mwiko utalia mgongoni, muziki, tangazo la sabuni.
Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema.
Kwa Bwana Bahasha ni dakika ishirini na tano.

Ya kwetu inaanza saa kumi na mbili alfajiri,
inafuata Jogoo Road kwa miguu,
inakatiza Muthurwa kati ya mikokoteni ya vitunguu,
inaishia bustani ya Jeevanjee, benchi la tatu kutoka chooni.
Ina urefu wa miezi mitano.

Najua kwa sababu nilimwona.
Jumanne, saa nne. Wafubwa wa stoo ya rangi, Industrial Area,
miaka kumi na minane bila kuchelewa,
ameketi na sare yake iliyopigwa pasi,
mhubiri anamfokea kuhusu moto wa milele
naye anaitikia kwa kichwa, kwa adabu,
kama anayepokea maagizo ya bosi.
Kopo la githeri mapajani, halijafunguliwa.

Ingekuwa kwenye runinga ningepiga ukemi,
angeruka, githeri ingemmwagikia mhubiri,
na watu tusiowaona wangeangua kicheko.
Lakini hata mimi nilipaswa kuwa darasani.
Wiki ya tatu hiyo tangu nifungiwe mtihani kwa ajili ya karo,
na kila jioni nilikuwa nikisema, leo tumefanya mizania.

Aliinua macho.
Akatazama viatu vyake.
Nikatazama simu isiyo na chaji.

Jioni akauliza, "Masomo?"
"Mazuri. Kazini?"
"Kazi ni kazi."
Khisa alikuwa chini ya kochi, akitafuta rimoti.

Labda ni hivi tu: Bahasha anadanganya ili tumwone,
Baba ili tusimwone.
Sijui. Mimi nadanganya ili ale.

Leo alfajiri Mama,
ambaye hakuna aliyemwambia neno,
ameteremsha kopo kubwa, lile la zawadi ya harusi,
akalijaza mpaka juu, akalizungushia gazeti,
akatia vijiko viwili.